Kiatu Kimoja na Kaye ya Binti Yangu

Mimi ninauza misumari. Misumari, tole za kuezekea, kufuli, rangi, waya. Butike yangu iko Kimemi, nyumba yangu iko Bulengera, na vyote viwili nilivijenga bila kuandika hata barua moja. Shule niliiacha darasa la tatu la msingi. Nikashika baiskeli, nikawa nabeba mafuta ya mawese kutoka upande wa Mbau mpaka Butembo, nasukuma mlimani mpaka kifua kinawaka. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni nani. Sitafuti huruma. Nilichofanya nilikifanya nikiwa mtu mzima, nina akili zangu zote, na nimeshiba.

Binti yangu wa mwisho alipofika pa kuchagua seksio ya masomo, mimi nilikuwa nimeshachagua: biashara. Nilitaka mtu wa kusimama nyuma ya kontuari siku miguu yangu itakapokataa. Akanijia butikeni na karatasi ya shule, imeandikwa pedagojia. Seksio ya walimu.

“Juu ya nini?” nikamwuliza.

“Papa, mule banasomesha psikolojia.”

“Njo kitu gani hiyo?”

“Ni kujifunza namna mutu anawaza, na namna anasikia mu roho. Sana sana batoto.”

Nilicheka. Wateja walikuwemo, na mimi mbele ya wateja najua kusema. “Miye, fundi akiingia hapa, ata hayafungue kinywa, najua kama anatafuta musumari ya tole ao ya mbao, na najua ni saa gani ataanza kulia juu ya bei. Nani alinifundisha? Donc, munipatie diplome yangu!”

Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia kwenye kaye, daftari lake la shule, akangoja wamalize.

Mtaani neno lile tulikuwa tumelisikia wakati mmoja tu, wakati wa ebola, kwa wale waliokuja kukaa na familia na kuzituliza ili zikubali maiti ichukuliwe. Basi jirani yangu mmoja akaanza kumwita binti yangu “mama mubembeleza maiti.” Kila akipita na yunifomu: “Mama mubembeleza maiti, leo uko unaenda kubembeleza nani?” Nilimsikia, na sikumkataza. Nilidhani aibu itamrudisha kwenye biashara. Haikumrudisha. Kichwa chake ni changu.

Mwaka wake wa pili kwenye seksio hiyo ndipo alipofika mtoto.

Nina ndugu mdogo. Nilikuwa naye. Yeye hakutoka Mbau. Alibaki na shamba la baba yetu, kakao na migomba, na hakuona haya kubaki. Siku moja alikuja Butembo kwenye harusi ya kijana wangu akiwa amevaa mabuti ya plastiki, yale ya shambani, yana tope mpaka juu. Wafanyabiashara wenzangu walikuwa pale. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, nikampa viatu vya ngozi vyeusi, vipya, nikamwambia: “Mudogo wangu, nikikuona tena na ile mabuti mbele ya batu, nitasema sikujui.” Yeye alicheka tu. Alivivua baada ya harusi, akavifunga kwenye gazeti, akarudi navyo Mbau. Alikuwa hajawahi kuwa na jozi nyingine, na baadaye hakupata.

Wale watu wa porini, waasi wenye mapanga, walipoingia kijijini mwao, ndugu yangu hakutoka hai. Alikuwa anamlea mjukuu wake, msichana wa miaka saba hivi, ambaye mama yake alikufa akimzaa na baba yake alikwenda kutafuta maisha Ituri, asirudi. Mtoto alikimbia na majirani. Kwenye matanga watu walinieleza habari kwa vipande, na mimi nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia: “Mais huyu mutu alikuwa anakimbia kama swala! Alikawia juu ya nini?” Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, na hakuna aliyemwuliza mtoto.

Nilimchukua. Mimi ndiye niliyekuwa na nyumba, ni nani mwingine angemchukua? Akaanza kuniita koko, yaani babu, kama wajukuu wengine. Koko wa Butembo, kwa kunitenga na yule wake. Hakuwa na maneno mengi. Ukimwita, ulimwita mara tatu. Chakula alikula nusu, nusu nyingine ikapotea, na mke wangu akawa anakuta vipande vya ndizi vimekauka mahali pasipo na sababu. Mimi nikasema: huyu ana mkono mrefu. Nilisema hivyo wiki ya kwanza, na nikishasema neno silirudishi.

Sasa mwalimu wa psikolojia akawapa wanafunzi kazi. Kila mmoja amtazame mtoto mmoja, saa ileile kila siku, wiki tatu. Aandike anachokiona na anachokisikia, asiandike anachokiwaza. Jina la mtoto asiliandike. Maneno ya mtoto ayaweke kama yalivyotoka kinywani, bila kuyageuza Kifaransa. Binti yangu akamchagua yule mtoto wetu. Asubuhi kabla ya shule alikaa kwenye kiti kidogo karibu na jiko, kaye ya bluu kwenye magoti, biki mkononi, akimtazama mtoto anayekunywa uji.

Nilikuwa napita nyuma yake kwa makusudi.

“Andika: huyu mutoto iko na kichwa nguvu.”

“Hapana, Papa. Ile ni mawazo yako. Naandika: aliitwa mara tatu, hakuitika, alikuwa anatazama mulango.”

“Basi haujaandika kitu! Ata mbuzi inaweza kuona vile.”

“Mbuzi haina biki, Papa,” akajibu, na mke wangu akaficha kicheko ndani ya sufuria.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yangu. Depo ya tole iko hapohapo nyumbani, nyuma ya jikoni. Lori likija, wabebaji wanateremsha tole kwa mafungu, na fungu likigusa simenti linatoa mlio ambao mgeni anaruka. Sisi hatuusikii tena. Siku za lori mtoto alipotea. Baadaye angeonekana nyuma ya mlango wa chumba cha wasichana, amekaa, kitambaa kimefungwa mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Nilidhani anacheza. Binti yangu aliandika. Nilimwona anaandika, akihesabu kitu kwenye saa.

Jumamosi moja jioni ikanyesha mvua ya mawe, ile inayopiga juu ya tole mpaka watu hawasikilizani, nayo haikukatika mpaka watoto walipolala. Jumapili asubuhi nikavaa suti yangu. Kanisani siku ile mimi ndiye nilikuwa nisimame kutoa shukrani kwa ajili ya paa jipya, maana tole zilikuwa zangu. Nikatoka mlangoni kuvaa viatu: cha kulia kipo, cha kushoto hakipo.

Nyumba nzima ikatafuta. Mimi mwenyewe nikaenda moja kwa moja chumba cha wasichana, maana nilikuwa na jibu kabla ya swali. Chini ya kitanda nikavuta kitambaa kilichofungwa. Ndani: ndizi mbili zilizokauka, kijiko, sketi yake, chupa ndogo ya maji, na kiatu changu cha kushoto.

“Munaona?” nikapiga kelele. “Nilisema nini?”

Mke wangu akakitazama kile kiatu. “Papa, tuliza roho. Mwizi anakamatakaka biatu mbili. Moya atauzisha nani, mutu wa muguu moya?”

“Unatetea mwizi siku ya Mungu?”

Binti yangu akaja na kaye ya bluu imefunguliwa. “Papa, dakika tano tu. Acha nikusomee. Kila kitu iko humu, ata kiatu iko humu.”

“Miye sina lazima ya karatasi juu ya kujua mwizi.”

“Mais haiko mwizi, Papa. Nimemutazama siku kumi na sita.”

“Na miye nimetazama batu miaka makumi sita!”

Mtoto alisimama kwenye pembe ya chumba. Hakulia. Alikuwa anatazama miguu yangu: mmoja una kiatu, mmoja una soksi. Nikamnyang'anya binti yangu kaye, nikaitia chini ya kwapa, nikavaa kiatu changu, nikaenda kanisani. Shukrani nilizitoa. Watu walisema nilizungumza vizuri.

Jumatatu nikamwita motari mmoja, mwendesha pikipiki wa kanisa letu, mtu mwangalifu, nikampa mtoto ampeleke Beni. Mama yake mtoto alikuwa na shangazi kule, mjane anayeuza mafuta ya mawese mbele ya nyumba yake. Barabara ile ninaijua. Najua watu wanavyosimama kuulizana habari zake kabla ya kuondoka. Nilimtia mtoto wa miaka saba juu ya pikipiki, kwenye barabara ileile aliyoikimbia, kwa ajili ya kiatu ambacho nilikuwa nimeshakivaa.

Kabla hawajaondoka binti yangu alimwomba motari angoje. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaifunga ndani ya kitambaa cha mtoto. Nilidhani ni wimbo wa Sunday school. Mtoto akapanda. Alipofika kwenye lango akageuka, akatazama miguu yangu tena.

Kaye ilibaki kwangu. Sikuichoma wala sikuitupa. Mfanyabiashara hatupi karatasi. Kwetu misumari inafungwa kwa kurasa za kaye za zamani: unachana, unazungusha kama koni, unamimina, unakunja mdomo. Kaye ya bluu nikaiweka chini ya kontuari pamoja na nyingine. Ukurasa kwa ukurasa ikaenda na wateja, kwenye milango, kwenye meza, kwenye paa za watu. Binti yangu hakuiuliza. Shuleni kazi ile alipewa sifuri, kwa sababu hakuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Hilo nalo hakuniambia yeye. Mama yake ndiye aliniambia.

Ikapita kama mwezi. Fundi mmoja akaja, seremala wa milango na masanduku ya maiti, shemasi kanisani kwetu, mtu aliyesoma. Akaweka karatasi juu ya kontuari, ameinyoosha kwa kiganja.

“Patron, misumari yako ni muzuri. Ile karatasi njo inanisumbua.”

“Imefanya nini?”

“Uko unafungia batu misumari na siri ya nyumba yako?” Alikuwa anatania, kisha akaacha kutania. “Keti kwanza.”

Akanisomea, akigeuza Kifaransa polepole. *Saa moja kasoro robo. Lori. Mtoto anaacha uji. Anakwenda mlangoni pa baba wa nyumba, anachukua kiatu kimoja, anakitia kwenye kitambaa. Anakaa nyuma ya mlango. Baada ya dakika ishirini na tano, kimya. Anarudisha kiatu mahali pake. Anakipangusa kwa sketi.* Chini yake siku nyingine, lori jingine, kitu kilekile. Kiatu kinachukuliwa, kiatu kinarudishwa, kiatu kinapanguswa. Mara nne. Na mimi nilikuwa navivaa kila asubuhi, navikuta vinang'aa, nikidhani ni kazi ya mke wangu.

“Hapa iko Kiswahili,” fundi akasema. “Soma weye mwenyewe.”

Darasa la tatu linatosha kwa Kiswahili. Nilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na fundi akageuza uso wake kuelekea barabarani, kwa heshima. Binti yangu alikuwa amemwuliza mtoto, na mtoto alijibu hivi:

*Koko alirudilia biatu. Tulikuwa tumeshafika mu migomba, akasema biatu ya yaya yake, atasema hamujue. Akarudi. Koko wa Butembo naye iko na biatu. Njo nabebaka moya. Mutu hawezi kurudilia kiatu moya.*

Basi. Maneno yalikwisha hapo, na msumari ulikuwa umetoboa karatasi pembeni.

Yaya yake ni mimi. Kwetu ndugu mkubwa ni yaya. “Atasema hanijui”: hilo ni neno langu, nililisema nyuma ya nyumba, siku ya harusi, kwa ajili ya macho ya wafanyabiashara ambao nusu yao leo hatusalimiani. Nililisema likaenda mpaka Mbau, likakaa pale na viatu, likangoja. Na kwenye matanga nilisimama mbele ya watu nikauliza alikawia kwa nini.

Nilifunga butike mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya isipokuwa siku za kufiwa. Nyumbani nikamkuta binti yangu anafua. Nikampa ukurasa. Aliutazama ule mkunjo wa koni, akaelewa ulikokuwa.

“Nilitaka kukusomea, Papa,” akasema. Akarudi kwenye nguo zake. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu, nitasema sifuri ile ni yangu. Akasema hapana, alishairudia kazi kwa kumtazama mtoto wa jirani, yule jirani wa kubembeleza maiti. “Ile alama hainisumbue, Papa. Yule mutoto njo ananisumbua.”

Asubuhi yake nikaenda Beni. Nilivaa sandale, na vile viatu vyangu vya ngozi nilivibeba ndani ya mfuko. Njiani nilipanga maneno. Mimi ni mtu wa maneno.

Mjane alikuwa amekaa nyuma ya madumu yake ya mafuta, mwanamke mwembamba, mwenye macho ya kupima. Akanipa kiti. Mtoto alikuwa ndani. Nikaanza kujieleza: kiatu, mvua ya mawe, hasira. Akaniinulia mkono.

“Najua, Mzee. Binti yako aliniandikia.” Akaingia akarudi na Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, ukurasa wa kaye nyingine ya shule. Imeandikwa Kiswahili, herufi kubwa. *Mama, akikamata kiatu yako usimukaripie. Usimuulize mbele ya batu. Akisikia makelele, muache afunge mizigo yake. Kisha atarudisha.*

“Siku ya kwanza sandale yangu ikapotea, ningesema panya,” mjane akasema. “Mais karatasi ilishanionya. Sasa ya kuume iko yake. Ya kushoto nabakia nayo miye. Wateja wananicheka, mama wa kiatu moya.” Akanionyesha miguu yake: mmoja una sandale, mmoja uko chini kwenye udongo, na hakuona haya hata kidogo.

Mtoto akatoka. Alikuwa ameongezeka mashavu. Akanisalimu vizuri, kwa Kinande, kwa heshima yote ambayo ndugu yangu alimfundisha. Nikachuchumaa, kwa magoti yangu haya, nikatoa viatu kwenye mfuko, nikaviweka mbele yake.

“Mutoto wangu, koko alikukosea. Haukuwa mwizi. Twende kwetu. Hii biatu ni yako ya kuchunga, yote mbili. Ukitaka moya, ukitaka mbili.”

Alivitazama. Akagusa kile cha kushoto kwa kidole, pale kwenye kamba, kama mtu anayegusa mnyama aliyemfahamu. Nilidhani nimeshinda. Hata sasa naona haya kusema kwamba nilidhani hivyo, kama vile mteja ameshika bidhaa.

“Koko,” akasema, akimwonyesha mjane kwa kidole, “nikienda, kiatu ya mama itachungwa na nani?”

Nikamtazama mjane anisaidie. Mjane alikuwa anamimina mafuta kwenye chupa, na hakuinua macho.

“Weye iko na batu mingi kwako,” mtoto akaendelea, kwa upole, kama anayemweleza mtoto mdogo. “Mama iko peke yake. Hajue kukimbia mbio.”

Nikanywa chai waliyonipa. Nikamwomba mjane ruhusa ya kuja tena, na akasema mlango haufungwi. Halafu nikavirudisha viatu kwenye mfuko, nikarudi Butembo navyo.

Binti yangu alikuwa langoni. Alitazama nyuma yangu, kisha akatazama mfuko, akaona umbo la viatu viwili. Amejifunza kuona.

Leo yeye ni mwalimu wa msingi, hapahapa Butembo, na ninapowaambia watu kazi yake nasema kwa sauti. Beni ninakwenda kila nikipata njia. Mtoto ananisalimu, tunaongea, tunacheka hata, na jioni ninarudi peke yangu. Lori la tole bado linakuja. Fungu likigusa simenti, mimi ambaye zamani nilikuwa siusikii ule mlio, sasa ninaacha kila kitu na kwenda kutazama mlangoni kwangu. Viatu vipo, cha kulia na cha kushoto, na vumbi juu yake.